Kuifunga hesabu ya mwaka: siku kumi za mwanzo wa Mfunguo Nne

Wazee wa pwani hawakuanza kuhesabu miezi kwa Muharram. Walianzia pale Ramadhani ilipokwisha: Shawwal wakaiita Mfunguo Mosi kwa kuwa ndio mwezi wa kufungua, Dhulqaada Mfunguo Pili, Dhulhija Mfunguo Tatu, na Muharram, unaoufungua mwaka wa Hijria, ukawa Mfunguo Nne. Ndiyo maana mwaka mpya wa Kiislamu huingia kwetu kimyakimya. Hakuna baraza la Idi, hakuna nguo ya kushona, na mtu huenda akagundua siku ya tatu kwamba mwaka umekwisha kubadilika. Mimi naona kimya hicho ni nafasi ya thamani kubwa. Mwezi usio na shamrashamra ndio unaofaa kwa kazi isiyofanyika penye watu wengi: kuketi na nafsi yako na kuihesabu.

Kazi hiyo huitwa muhasaba, neno la shina moja na hisabu. Umar bin Khattab, ambaye katika ukhalifa wake kalenda ya Hijria iliwekwa mwaka wa 17 baada ya Mtume (s.a.w.) kuhamia Madina, ndiye aliyepokewa akisema watu wajihesabu nafsi zao kabla hawajahesabiwa. Hijra yenyewe, mwaka 622, iliangukia Mfunguo Sita, yaani Rabiul Awwal. Lakini masahaba walipokaa kuupanga mwaka waliuanzisha Muharram, wakati mahujaji wanaporejea makwao. Mwaka ukawekwa uanze pale mtu ndio kwanza ametua mzigo wa safari.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliieleza kazi hii kwa mfano wa soko, na kila aliyewahi kuchukua mali kauli ataufahamu mara moja. Mwenye mali humkabidhi mchuuzi bidhaa, wakapatana masharti, akawa anamchungulia, jioni wakakaa wakapiga hesabu, na palipopotea kitu mchuuzi akatozwa. Nafsi ndiyo mchuuzi. Umri ndio bidhaa. Faradhi ni mtaji, sunna ni faida, dhambi ni hasara. Akapanga hatua 6: kuwekeana masharti na nafsi, kuichunga, kuihesabu, kuitoza adhabu, kuikaza iongeze bidii, na kuikemea. Wengi wetu tunairukia ile ya 6. Tunajikemea usiku mmoja, tunalia, tunalala, na asubuhi duka liko vilevile kwa sababu hapakuwa na masharti wala daftari.

Ninachopendekeza hapa ni siku 10, kutoka magharibi ya kuandama mwezi wa Muharram hadi futari ya Ashura, ndiyo tarehe 10 ya mwezi huo, pamoja na siku chache za maandalizi kabla yake. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo kwenye kalenda ya ukutani unarudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka: 1447 ulianza mwishoni mwa Juni 2025, na 1448 unaangukia katikati ya Juni 2026. Anza maandalizi kama tarehe 25 Dhulhija, mambo ya Idi na nyama yakiwa yametulia. Usingoje tarehe 30, maana mwezi ukiandama jioni ya tarehe 29 hutakuwa na tarehe 30.

Daftari kwanza, machozi baadaye

Nunua daftari dogo la mistari, lile la kurasa 48 linatosha, na kalamu. Simu haifai kwa kazi hii. Ukiifungua kuandika deni la mtu, ujumbe unaingia, na nusu saa imekwenda. Tena simu hushikwa na watoto, hukopeshwa, hupelekwa kwa fundi. Na hapa pana sharti la adabu: dhambi ambayo Mungu ameisitiri usiiandike kwa jina lake. Weka alama unayoielewa peke yako, nukta au herufi. Mtume alionya juu ya mtu anayefanya jambo usiku, Mola wake akamfunika, kisha asubuhi yeye mwenyewe akalifunua. Daftari likiokotwa na mtu lisimwambie chochote.

Gawa sehemu tatu. Ya kwanza ni deni lako kwa Mungu linalohesabika. Anza na funga za kadha. Mwanamke anaweza kuwa na siku 6, 7 au zaidi za Ramadhani iliyopita, msafiri na aliyeugua hali kadhalika. Andika idadi, na kama huna hakika chukua ile kubwa. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi wa pwani yetu, aliyeziacha bila udhuru mpaka Ramadhani nyingine ikamkuta hulipa funga na pia kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Vibaba vinne ni pishi, ile ile pishi ya zaka ya fitri. Mwenye siku 8 za namna hiyo anadaiwa funga 8 na pishi 2 za mchele. Jambo lililokuwa likimkaa kifuani kama jiwe kwa miaka, likishaandikwa hivyo, linakuwa kitu cha kununua sokoni Jumamosi.

Sala za kadha zinawatisha watu zaidi, na kutisha kwake kunatokana na kutopigiwa hesabu. Tuseme mtu aliacha kusali mwaka mzima ujanani: siku 354 mara 5 ni sala 1,770. Akisali kadha moja kila baada ya Isha, atamaliza karibu miaka 5. Akisali moja pamoja na kila faradhi, Subhi na Subhi, Adhuhuri na Adhuhuri, anamaliza mwaka huo huo mmoja. Chora miraba 354 katika kurasa za nyuma, na kila sala tano za kadha zikitimia ujaze mmoja. Kinachoharibu hapa ni kutaka kulipa siku 10 kwa usiku mmoja. Mwili unachoka, sala inakuwa ya mbiombio, na baada ya juma daftari linafungwa.

Kuna na zaka. Wengi hupiga hesabu ya mali kwa mwaka wa biashara, Januari hadi Disemba, ilhali haul, yaani mwaka wa zaka, ni wa mwezi mwandamo. Tofauti ya siku 11 inaonekana ndogo. Ndani ya miaka 33 inakuwa mwaka mzima wa zaka ambao maskini hawakuupata. Ukitaka kurahisisha, ifanye Muharram iwe tarehe yako: hesabu fedha taslimu, akiba ya benki na ya kwenye simu, bidhaa za duka kwa bei ya kuuzia siku hiyo, toa madeni yaliyokwisha kuiva kama mwanachuoni wako anavyoelekeza, na kilichobaki kikifika nisabu, yaani kiwango cha chini kinachopasa zaka, kitolewe asilimia 2.5.

Sehemu ya pili ya daftari ni haki za watu, nami naomba uikae zaidi kuliko zote. Wanachuoni wameweka masharti matatu ya toba: kuacha, kujuta, na kuazimia kutorudi. Haki ya mja ikiingia, linaongezeka la nne: kuirudisha. Hapo ndipo toba nyingi za mwaka mpya zinapovunjika. Andika jina, kiasi, na tangu lini. Elfu kumi ya jirani. Mshahara wa msichana wa kazi uliokatwa kwa sahani iliyovunjika. Fungu la dada katika mirathi ya baba ambalo kaka "wanalishikilia" mwaka wa nane sasa. Kitabu cha kuazima.

Siku hizi kuna mtindo wa kutuma ujumbe mmoja kwa namba zote: "Mwaka mpya umeingia, kama nimekukosea unisamehe kwa ajili ya Mungu." Nia ni njema, na kwa kukwaruzana kwa kawaida huenda ukasaidia. Lakini samahani ya jumla haimalizi deni la fedha, kwa sababu anayeusoma hajui anasamehe nini. Mwenye kudaiwa amwendee mwenye haki, ataje kiasi, alipe. Kama hana, aombe muda kwa tarehe. "Shikamoo mzee, nilichukua mifuko yako miwili ya saruji mwaka juzi nikanyamaza. Leo nimeleta nusu ya fedha, nyingine mwisho wa mwezi." Maneno mawili matatu kama hayo yana uzito kuliko nyiradi elfu za usiku. Mwenye haki akiwa amefariki, warithi wake wapo. Akiwa hajulikani alipo na umemtafuta kweli, toa sadaka kwa niaba yake.

Heshima ya mtu ni ngumu zaidi kuirudisha. Ulimsengenya, naye hajui. Ukimwambia, unaweza kuwasha moto ambao haukuwapo. Wanachuoni wengi wameelekeza kwamba pakiwa na hofu ya fitina, mwombee dua, na umtaje kwa wema pale pale ulipomtaja kwa ubaya, mbele ya watu wale wale. Andika basi: jina kwa alama, na baraza ile. Ukionana nao tena, unajua la kusema.

Wamakunduchi kule Unguja wana mwaka wao mwingine, wa jua, na katika Mwaka Kogwa wa kila Julai hupigana kwa migomba ili vinyongo vya mwaka viishie uwanjani. Ni mila tofauti na ina asili yake, lakini wazee wale walilijua jambo moja sawasawa: kinyongo hakiishi kwa kukaa nacho moyoni, kinatafutiwa mtu na mahali.

Sehemu ya tatu ni fupi. Viungo 7 ambavyo Ghazali alivitaja: jicho, sikio, ulimi, tumbo, tupu, mkono na mguu. Kila kimoja kipe mstari mmoja, kisha chagua kimoja tu kilichokutia hasara kubwa mwaka huu. Kimoja. Hicho ndicho utakachokishughulikia siku 10 hizi.

Usiku wa kuandama

Siku kwa hesabu yetu huanza magharibi, ndiyo maana usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi jioni. Basi mwaka unaingia jua la mwisho wa Dhulhija likizama. Mwezi ukionekana ipo dua iliyopokewa, ya kila mwezi mwandamo, ya kumwomba Mungu autoe kwetu kwa baraka na imani, kwa amani na Uislamu. Zile dua ndefu za kuaga mwaka na kuupokea, zinazosambazwa kwa idadi maalumu na ahadi maalumu, hazikuthibiti kwa Mtume. Anayeomba kwa maneno hayo kama dua tu, sawa. Asiyezijua hajakosa kitu. Omba kwa Kiswahili chako, ukiwa na daftari mbele yako, ukitaja kilichoandikwa humo.

Usiku huo lala mapema. Najua hamu huwa kubwa ya kukesha. Lakini anayekesha usiku wa kwanza rakaa 20, usiku wa nne amelala na Isha, na Subhi ya tano imempita. Amali inayopendwa zaidi na Mungu, kwa hadithi iliyo sahihi, ni ile ya kudumu hata ikiwa kidogo. Ukitaka kusali usiku, amka dakika 20 kabla ya adhana ya alfajiri, rakaa 2 na witri, basi.

Kikao cha asubuhi

Moyo wa siku hizi 10 ni kikao cha baada ya Subhi, dakika 20 hivi. Mwezi wa Juni, kwa Dar es Salaam, Unguja na Mombasa, jua hutoka kama saa 12 na nusu, na Subhi imeingia zaidi ya saa moja kabla yake, kwa hiyo nafasi ipo hata kwa mwenye kuwahi kazini. Kwetu kibla ni kaskazini karibu kamili, hata katika lugha ya pwani kibla na kaskazini vilikuwa neno moja. Ukikaa kuelekea huko, mwanga wa Juni unakupandia kuliani, mbele kidogo ya bega. Mwanzoni mswala unaonekana wa kijivu mtupu. Kisha unaanza kuona mistari ya ufumaji, halafu rangi. Usiwashe taa. Kupambazuka kwenyewe kunakusaidia kujua muda bila kutazama saa.

Kaa kitako, miguu uikunje upendavyo. Magoti yakikuuma, weka mto mgumu au kanga iliyokunjwa mara nne chini ya makalio, ili nyonga ziwe juu ya magoti. Mgongo utasimama wenyewe bila kukakamaa. Mwenye maradhi ya miguu akae kwenye kiti, nyayo zote mbili chini. Usiegemee ukuta, maana ukuta huita usingizi. Mikono juu ya mapaja, macho nusu wazi yakitazama pale paji la uso linaposujudia.

Anza na istighfari 100. Tasbihi ya punje 33 inazunguka mara tatu na punje moja. Ya 99 mara moja na punje moja. Sema "Astaghfirullah" moja kwa kila pumzi inayotoka, bila kuivuta wala kuibana. Kwa mtu aliyetulia mia hiyo huchukua kati ya dakika 5 na 8. Ukiimaliza kwa dakika moja na nusu, ulimi umekwenda na moyo umebaki mlangoni. Afadhali 33 za kweli. Na kila punje 10 rejesha akilini ule mstari mmoja uliouchagua, kwa sababu istighfari isiyo na dhambi mahususi hugeuka sauti tupu.

Kisha nyamaza. Hii ndiyo muraqaba, kuchunga moyo kwa kujua kwamba unachungwa. Iliyo bora kwa anayeanza ni ile aliyofundishwa Sahl al-Tustari, sufi wa kale, akiwa mtoto mdogo na mjomba wake: useme kwa moyo, ulimi usitikisike, Mungu yu pamoja nami, Mungu ananiangalia, Mungu ni shahidi yangu. Mjomba hakumpa mia. Alimpa mara 3 kila usiku. Alipozoea, mara 7. Baadaye, mara 11. Nawe fuata ngazi hiyo hiyo: siku tatu za mwanzo mara 3, siku nne zinazofuata mara 7, tatu za mwisho mara 11. Kila neno likishapita, kaa katika kimya chake pumzi tano au sita kabla ya jingine. Kwa mara 3 dakika zako zinajaa. Usidhani umefanya kidogo.

Mawazo yatakuja. Ada ya shule, tairi la pikipiki, neno alilolisema wifi. Kosa la kwanza ni kupigana nayo. Ukipigana nalo wazo umelipa kiti. Kosa la pili ni kulifuata ukidhani ni la muhimu. Litambue kwa neno moja, "ada", rudi kwenye pumzi, sema "Mungu ananiangalia". Ukirudi mara 40 katika dakika 5, umefanya muraqaba mara 40. Isipokuwa wazo likiwa ni haki ya mtu uliyoisahau. Hilo ukimaliza liandike sehemu ya pili ya daftari, maana kimya ndicho kilicholitoa.

Usingizi nao utakuja, hasa siku ya tatu na ya nne. Mara nyingi sababu ni chakula kizito cha usiku au kulala saa 6. Fungua macho, simama, tawadha upya kwa maji ya baridi, kaa tena. Ukizidi siku mbili mfululizo, tatizo liko usiku, lirekebishe huko.

Mwisho wa kikao wekeana masharti na nafsi kwa dakika 3 hadi 5. Sharti lisilotaja saa wala mtu halikamatiki. "Leo nitakuwa na subira" halina kitu. "Leo saa 4 fulani akija dukani na maneno yake, nitamwacha amalize ndipo nijibu" ni sharti. Muuza nyama atasema: leo sitaweka kidole kwenye mizani. Dereva atasema: leo sitamtukana wa pikipiki, hata akinikata mbele. Mawili au matatu, yote juu ya kiungo ulichokichagua. Jua likishapanda, dakika 15 hadi 20 baada ya kuchomoza, sali rakaa 2, uende zako.

Hesabu ya usiku na faini

Kabla ya kulala kaa dakika 8 au 10 na daftari. Usianze na swali kubwa la "nimekuwa mtu gani leo", linakupeleka kwenye huzuni isiyo na mlango. Igawe siku kwa sala: Subhi hadi Adhuhuri, Adhuhuri hadi Alasiri, Alasiri hadi Magharibi, Magharibi hadi Isha, Isha hadi sasa. Kwa kila kipande uliza: mtaji ulitimia, yaani faradhi ilisaliwa kwa wakati? Kuna faida gani? Kimepotea nini? Weka alama, msalaba wa hasara na duara la faida, bila maelezo. Ghazali anatoa picha ya hazina 24, moja kwa kila saa ya siku, zitakazofunguliwa mbele ya mja: iliyojaa nuru, iliyojaa giza, na iliyo tupu. Ile tupu, saa ya usingizi wa ovyo au ya kupekua simu bila sababu, nayo ina majuto yake. Kwa hiyo usisahau kuandika sifuri.

Mtu mmoja wa kale, Taubah bin al-Simma, alijipigia hesabu akiwa na miaka 60 akapata siku 21,500. Akajiuliza angesemaje hata kama ni dhambi moja tu kwa siku. Zidisha na wewe: miaka yako kwa hesabu ya Hijria mara 354. Tarakimu hiyo iandike juu ya ukurasa wa kwanza, mara moja inatosha.

Sasa faini. Sharti likivunjika pasipo faini, nafsi huzoea kuvunja. Abdullah bin Wahb, mwanachuoni wa Misri, aliweka nadhiri ya kufunga siku moja kila alipomsengenya mtu. Akawa anasengenya na anafunga, funga ilimzoea. Akabadilisha: kila akisengenya atoe dirhamu moja sadaka. Kwa kuipenda dirhamu, akaacha kusengenya. Hapo pana somo la kupima adhabu: chagua kile ambacho nafsi yako inakionea uchungu. Mwenye kupenda fedha atoe shilingi 2,000 kwenye kopo, na kopo liende kwa yatima siku ya Ashura. Mwenye kupenda simu aizime saa moja. Ila usiiwekee kwa lafudhi ya nadhiri, maana nadhiri inafunga na ina kafara yake. Iwe ni mapatano yako tu. Wala usiudhuru mwili kwa njaa au kutolala. Mchuuzi aliyevunjwa mguu hauzi.

Tasua na Ashura

Mtume aliutaja Muharram kuwa mwezi wenye funga bora baada ya Ramadhani, na funga ya Ashura akatarajia kwa Mungu ifute makosa ya mwaka uliopita. Akasema akiishi mwaka ujao atafunga na tarehe 9, ndiyo Tasua. Basi funga zote mbili. Ikikupita 9, funga 10 na 11. Wanachuoni wanaeleza kwamba makosa yanayofutwa hivyo ni madogo. Deni la jirani liko pale pale mpaka lilipwe, na ndiyo sababu ya kutanguliza daftari. Mgonjwa wa sukari au mwenye dawa za saa kwa saa asijitie katika taabu, kikao na hesabu vinamtosha.

Ndugu zetu wa Kishia, wakiwamo Makhoja Ithnaasheri wa Dar es Salaam, Unguja na Mombasa, hukaa siku hizi kwa maombolezo, kwa kuwa Imam Hussein bin Ali aliuawa Karbala siku ya Ashura, mwaka 61 Hijria. Hata asiyeshiriki majlisi zao ana la kutafakari katika siku hiyo, na hana sababu ya kuifanya siku ya ngoma.

Karibu na siku ya saba au ya nane huingia jambo ambalo wengi hawalitegemei: mtu hujiona. Kikao kimekuwa kitamu, alama za duara zimeongezeka, na anaanza kumtazama mwenzake anayelala baada ya Subhi kwa jicho la chini. Ukiliona hilo moyoni, liandikie msalaba mkubwa kuliko mingine, na asubuhi yake fanya istighfari yote kwa ajili hiyo. Upande mwingine yuko anayevunja siku ya tano akasema basi, nimeshindwa, mpaka mwakani. Huyo aendelee na siku ya sita kana kwamba hakuna kilichotokea. Kadha ya kikao ni dakika 10 baada ya Alasiri.

Siku ya Ashura, baada ya futari, usipige hesabu ya siku tu. Fungua sehemu ya pili, ile ya haki za watu. Majina yaliyolipwa yakate kwa mstari mmoja. Lililobaki, na mara nyingi linabaki moja lenye uzito, lihamishie ukurasa mpya peke yake, na pembeni andika tarehe ya Muharram utakayokwenda kubisha hodi kwake. Kikao cha asubuhi kiendelee kwa dakika 10, hesabu ya usiku kwa dakika 5, kiungo ni kile kile mpaka Safar iandame.